Kuhesabu Akina Mama Wanaokaa Tu

Juma lililopita kijana mmoja wa ofisi ya takwimu alinipigia simu. Ofisi inataka kuwafundisha wanafunzi kuelewa takwimu. Wametengeneza mabango ya rangi na michezo ya kompyuta, na mtu fulani amemwambia kuwa kuna bibi kizee Buruburu aliyewahi kufanya kazi hiyo zamani. "Shosho, tupatie maoni," akaniambia. Nikamwambia shosho ni bibi wa Kikuyu, mimi ni Mluhya, niite kukhu. Akacheka, nami nikampenda papo hapo. Basi haya ninayoyaandika ni yake, pamoja na wenzake wote wenye vyeti vikubwa na viatu visivyo na vumbi.

Jina langu ni Rhoda Nekesa. Kwa miaka mingi nilikuwa karani wa takwimu wa nyanjani, yaani mtu wa kubisha milango. Nilizaliwa Muthurwa, katika nyumba za reli alikofanya kazi baba yangu, na mitaa ya Eastlands niliijua kwa miguu kabla sijaijua kwa ramani. Buruburu hii ninayokaa niliihesabu ikiwa bado inanuka rangi mbichi, wenye nyumba wakiniambia nivue viatu mlangoni.

Kabla sijafika kwa wanafunzi, wacha niwape elimu isiyo katika mabango yenu. Ukibisha mlango, rudi nyuma hatua mbili, ili anayefungua akuone mzima na asidhani unachungulia ndani. Penseli ifunge kwa uzi kwenye ubao wako wa kuandikia, la sivyo kufikia saa nne utakuwa unaazima kalamu kwa wale unaowahoji. Ukipewa chai, kunywa. Ukipewa ugali, shukuru na useme umeshiba. Hili la ugali nililijua kwa taabu. Wiki yangu ya kwanza nilikula chakula cha mchana katika nyumba tatu kwa kuona haya kukataa, na nyumba ya nne nikalala usingizi kwenye kochi la watu, fomu mapajani. Mwenye nyumba, Mungu ambariki, alinifunika shuka.

Tena usimuulize mtu ana watoto wangapi. Watoto hawahesabiwi. Mama mmoja mzee wa Kaloleni aliniangalia juu mpaka chini nilipomuuliza, akasema, "Wewe msichana, hawa ni mbuzi?" Nikaaga. Siku ya pili nikarudi nikamwomba anitajie majina yao, nijue wa kuwasalimia. Akaanza na kifungua mimba akashuka hadi kitinda mimba, na majina ya utani juu, nami nikawahesabu kimya kwa ncha ya penseli. Wote wawili tukaridhika.

Ujanja huo nilifundishwa na mkubwa wangu, Bwana Muchiri, mzee mfupi wa Nyeri aliyetafuna njiti ya kiberiti mchana kutwa na kuvaa kofia hata ndani ya ofisi. Alikuwa na msemo mmoja tuliousikia mpaka tukauchoka. "Kuuliza si ujinga," angesema, "lakini kuuliza vibaya ni ujinga mtupu." Mimi nilidhani msemo huo ni wa wenzangu. Nilikuwa na mwandiko mzuri na fomu zangu hazikuwa na doa, kwa hivyo nilijiona nimefika.

Siku hizo milango mingi ilikuwa ikifungwa tukiwa tumesimama nje. Wengine walidhani tunatafuta wasiolipa kodi, wengine walidhani tunapeleleza nani kakaribisha ndugu wangapi katika chumba kimoja. Bwana Muchiri akagundua kuwa mara nyingi anayetufungulia ni mtoto wa shule, na ndiye anayemweleza mamake fomu ni kitu gani. Akasema tumekuwa tukipoteza wakati na watu wakubwa. Akaandikiana na mwalimu mkuu wa shule moja ya msingi nyuma ya Jogoo Road, wakakubaliana nipewe darasa la saba kila Ijumaa alasiri. Aliniteua mimi, alisema, kwa sababu nina sauti.

Somo la kwanza nililiharibu. Niliingia na chaki nikawafundisha wastani. Nikawauliza watoto wa dawati la mbele kila mmoja wako wangapi kwao, tukajumlisha, tukagawa, jibu likawa watoto wanne na nusu kwa kila nyumba. Nikaliandika ubaoni kwa mwandiko wangu ule mzuri, nikaenda zangu. Jumatatu asubuhi baba mmoja alifika shuleni na aproni ya useremala, akitaka kumjua mwanamke aliyemwambia binti yake kuwa kwake kuna nusu mtoto, na hiyo nusu nyingine iko kwa nani. Mwalimu mkuu alinisimulia akijifuta machozi kwa kicheko. Mimi sikucheka mpaka mwezi uliofuata.

Basi nikaacha ubao. Nikawaambia watoto waokote vifuniko vya soda kwenye vioski, kila mtu ajaze mkono mmoja. Nikawaambia kila kifuniko ni mtu mmoja mzima, hakikatwi. Tukavipanga sakafuni kwa mistari: wanaokuja shule kwa miguu hapa, wanaokuja kwa basi pale. Mara darasa likaamka. Walianza kubishana wenyewe, mtoto anayepanda basi kwenda na kurudi kwa miguu awekwe wapi? Tukamaliza kipindi kizima kwa huyo mtoto mmoja, na sijawahi kufundisha vizuri kuliko siku ile.

Sasa nifike kwa kosa langu lenyewe. Nililifanya kwa fahari.

Nilitaka watoto wafanye hesabu ya kweli ya mtaa wao. Nikatunga fomu fupi, mimi mwenyewe, ofisini, kwenye taipureta. Hakuna majina, kwa sababu nilikuwa nimewaapisha kuwa wanachoambiwa mlangoni kinabaki kwenye fomu. Swali la mwisho lilikuwa hili: Je, mama wa nyumba hii anafanya kazi? Ndiyo, La. Kila mtoto aanze kwao, kisha majirani wa mstari wake. Walirudi Ijumaa na fomu zimejaa, tukabandika vifuniko kwa gundi kwenye kadibodi kubwa, tukaitundika nje ya darasa. Safu ya Ndiyo ilikuwa fupi, hata kwa vidole ungeihesabu. Safu ya La ilipanda mpaka ikagonga ukingo wa kadibodi. Ilipendeza. Nikamwalika Bwana Muchiri aje aione.

Kabla yake alikuja mtu mwingine. Bwana Ochieng alikuwa fundi wa reli na mwenyekiti wa kamati ya jumba la mtaa, mzazi pale shuleni, mtu mwema anayependa vijana. Katika jumba hilo kulikuwa na chumba cha pembeni chenye nasari ya watoto wadogo. Bwana Ochieng alikitaka chumba hicho kiwe cha tenisi ya meza, vijana waache kukaa kwa kona. Watu walikuwa wakibishana juu ya jambo hilo kwa muda mrefu. Aliposimama mbele ya kadibodi yetu, akatoa kijitabu akanakili.

"Kumbe!" akasema. "Hata serikali imehesabu. Wamama wa hapa hawafanyi kazi, wanakaa tu. Sasa nasari ni ya nini? Si wakae na watoto wao?" Akanishukuru, akanisalimia kwa mikono miwili, akaenda kuitisha mkutano wa wazazi Jumamosi ya wiki iliyofuata.

Watoto walipotoka, msichana mmoja alibaki. Aliitwa Nyokabi, mrefu, mwepesi wa hesabu, na ndiye aliyekuwa akibandika vifuniko. Alisimama akikwaruza gundi kwenye kucha zake.

"Madam," akasema, "wakifunga nasari, Kamau atabaki na nani?"

Kamau alikuwa ndugu yake mdogo, wa miaka mitatu. Nikamuuliza, si mamako yupo?

"Mathe huwa hayuko. Ni mimi nitabaki na yeye. Na mtihani ni mwaka huu."

Nikamuuliza kwao ameandika nini kwenye swali la kazi. Akasema aliandika La, kwa sababu alimuuliza mamake kama nilivyomfundisha, neno kwa neno, na mamake akajibu, "Sina kazi, mimi nakaa tu." Nilienda nyumbani na aibu ambayo hata leo nikiikumbuka naisikia masikioni ikiwaka.

Jumatatu Bwana Muchiri akaja, wakati wa mapumziko. Akaitazama kadibodi, akatafuna njiti yake. Kisha akanunua mandazi mawili kwenye beseni iliyokuwa langoni, akarudi nayo darasani, akauma moja.

"Tamu," akasema. "Imepikwa na nani?"

"Mama Nyokabi!" darasa likajibu.

"Yuko wapi hapa kwenye vifuniko?"

Nyokabi akaonyesha kifuniko kimoja katikati ya safu ya La. Bwana Muchiri akaangalia kifuniko, akaangalia andazi, akaliuma tena. "Basi mimi leo nimekula hewa," akasema.

Watoto walicheka mpaka wakapiga madawati. Lakini walipomaliza kucheka mikono ikaanza kuinuka. Na mama anayetushonea sare yuko wapi? Kwa La. Na yule wa makaa? Kwa La. Hapo nikaelewa, nami ni mtoto wa Muthurwa niliyepaswa kujua tangu mwanzo. Katika mitaa yetu kazi ilikuwa ni kuandikwa. Aliyeandikwa na reli, na kaunsili, na kiwanda, huyo anafanya kazi. Mwingine yeyote, hata akifa kwa uchovu, anakaa tu. Baba yangu alifanya kazi. Mama yangu, aliyefuga kuku na kushona vitambaa na kuuza vyote, alikaa tu miaka thelathini.

Bwana Muchiri hakunikaripia. Angenikaripia ningepata nafuu. Alisema tu, "Wacha watoto watunge swali," akaweka andazi la pili mbele yangu, akaondoka.

Walilitunga mchana huo huo. Walibishana vikali. Mmoja alitaka tuulize, mama anapata pesa wapi, wenzake wakamwambia hiyo atachapwa viatu. Nyokabi ndiye aliyesema tusiulize juu ya kazi hata kidogo, tuulize tu, "Jana, tangu ulipoamka mpaka ulipolala, ulifanya nini?" Niliona ni swali zuri kuliko yote niliyowahi kuandika, nikawatuma jioni ile ile.

Mnacheka? Ngojeni. Siku hiyo ilikuwa Jumatatu. Fomu zilirudi Jumanne, na mtaa mzima ulikuwa umeenda kanisani, ukaimba kwaya, ukapumzika. Mama mmoja tu ndiye aliyekuwa ameuza kitu, naye alikuwa Msabato. Nilikaa chini nikacheka peke yangu, kisha nikaanza kuogopa, maana mkutano ulikuwa Jumamosi. Tukarudia Jumatano jioni, na siku hiyo nilizunguka nao mlango kwa mlango kuona wanavyouliza. Katika nyumba moja mzee alikaa mlangoni kabisa akatuambia, "Huyu wangu andika hafanyi kitu." Nyuma yake cherehani ilikuwa ikilia, ikanyamaza ghafla. "Mwambie aingie," sauti ikasema, "mimi mwenyewe nitajibu." Mtoto akaingia, akakaa humo hadi tukadhani amesahau njia.

Ijumaa tulibandika upya. Nyokabi aliniletea fomu ya kwao akalalamika mistari haitoshi. Alikuwa ameandika mpaka nyuma.

Jumamosi jumba lilijaa. Bwana Ochieng alikuwa mbele na kijitabu chake, sisi tuko kando na kadibodi mpya. Nilisimama nikaeleza kosa ni langu. Hilo nawaambia vijana wa ofisi mlishike: mkikosea mbele ya watu, rekebisheni mbele ya watu. Sauti yangu ile iliyonipeleka kule siku hiyo ilitetemeka.

Bwana Ochieng alinisikiliza kwa heshima, kisha akatikisa kichwa. "Madam, wiki iliyopita mlisema La. Leo mnasema Ndiyo. Hizi takwimu zenu ni kinyonga?" Watu wakacheka. "Hebu tuulize wenyewe. Wewe Mama Nyokabi, uko hapa mbele. Tuambie ukweli. Unafanya kazi?"

Mama Nyokabi alikuwa mwanamke mwembamba mwenye aibu, leso kiunoni, Kamau amelala begani. Alishtuka kutajwa.

"Mimi?" akasema. "Hapana. Mimi nakaa tu."

Jumba lilipasuka kwa kicheko. Bwana Ochieng akainua mikono kama mtu aliyemaliza kesi. Mimi nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Nilijua kilichoandikwa mbele na nyuma ya ile fomu, na nilijua siwezi kukisoma, kwa sababu niliwaapisha watoto na kiapo kilikuwa changu pia.

Nyokabi akasimama. Hakuichukua fomu. Alichukua ubao wa kuandikia na penseli yenye uzi, akaenda mpaka mbele ya mamake, akarudi nyuma hatua mbili.

"Mama, jana uliamka saa ngapi?"

"Wewe si ulikuwa hapo?"

"Niambie kama vile hunijui."

Mamake akatazama huku na huku. "Saa kumi."

"Halafu?"

"Nikawasha jiko. Nikapika mandazi."

"Halafu?"

"Nikaenda nazo kwa geti ya karakana, nikauza mpaka watu wakaingia kazi." Mtu nyuma akacheka, mwingine akamwambia anyamaze.

"Halafu?"

"Nikaleta beseni ingine pale shule. Nikaleta huyu hapa nasari. Nikaenda Buruburu kufulia watu nguo. Nikarudi nikapanga laini ya kuchota maji. Nikaenda soko ya Gikomba kuchukua mboga, sukuma wiki, nikauza hapo kwa kona mpaka giza likaingia."

"Ulikaa saa ngapi?"

Mama Nyokabi alifikiri kwa dhati, kama mtu anayetaka kumsaidia karani. "Nilikaa nikikata sukuma," akasema.

Hakuna aliyecheka. Bwana Ochieng alikuwa amefunga kijitabu. "Mama," akasema polepole, "sasa hiyo yote si kazi?"

"Bwana Ochieng, kazi ni kuandikwa. Mimi nani ameniandika?"

"Mimi nimekuandika, mama," Nyokabi akasema.

Nililia mbele za watu, na sioni haya kusema. Wanawake walianza kupiga makofi, kisha mmoja akasimama akaanza kueleza jana yake bila kuulizwa, na wa pili, na wa tatu, wakawa wanasema pamoja mpaka Bwana Ochieng akapiga meza. Alisema anayepinga nasari kubaki ainue mkono. Hata wake mwenyewe haukuinuka. Meza ya tenisi waliiweka ukumbini, na vijana wakaicheza huko kwa miaka.

Kwa hivyo, mjukuu wangu uliyenipigia simu, mabango yako ni mazuri, usiyatupe. Lakini wape watoto swali walitunge, waache wakosee Jumatatu, kisha waende tena Jumatano. Wape mtaa wao, maana andazi wanalijua kuliko wewe. Na usiende kwao ukiwa na fomu isiyo na doa kama yangu. Nyokabi hakukosa shule hata siku moja mwaka ule. Alifaulu mtihani wake, na nilipostaafu alikuwa mwalimu wa hesabu. Nilimtembelea darasani mara moja nikaona kopo la vifuniko vya soda juu ya kabati.

Siku ile Bwana Ochieng alitaka kufunga mkutano kwa hotuba. Alikuwa ameguswa, na hotuba ingekuwa ndefu. Alipokuwa akisafisha koo, Mama Nyokabi akainuka, akamhamishia Kamau bega la pili, akakaza leso kiunoni.

"Mtanisamehe, wacha niende," akasema. "Leo nimekaa sana."